Jinsi ya Kuandika Kichwa cha Ukurasa Kinachobofywa kwenye Google

Ninazungumzia kichwa kinachokaa ndani ya tagi ya title kwenye HTML, yaani msimbo unaounda ukurasa. Ndicho kinachoonekana kwenye kichupo cha kivinjari, na mara nyingi ndicho Google inachokionyesha kwenye matokeo.

Hatua ya 1: Anza na maneno ya anayetafuta. Aliyepoteza picha zake hachapi "suluhisho za urejeshaji data". Anachapa "kurudisha picha zilizofutwa". Chapa maneno ya mwanzo kwenye Google uone inakupendekezea nini.

Hatua ya 2: Yatangulize. Tazama hiki:

Karibu Kwenye Tovuti Yetu | Makala | Simu | Kurudisha Picha

Nafasi imeliwa na salamu. Sasa hiki:

Kurudisha Picha Zilizofutwa kwenye Simu ya Android

Kina herufi 50, nafasi zikiwemo. Kanuni ya herufi 50 hadi 60 ni makadirio tu, kwani Google hukata kwa upana, takriban pikseli 600 kwenye kompyuta. Herufi "m" hula nafasi kuliko "i", na herufi kubwa tupu hula zaidi (tena zinapiga kelele). Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo "karibu", "bora kabisa" na wenzake waondoke kwanza.

Hatua ya 3: Kila ukurasa na kichwa chake. Jina la tovuti likiwepo, likae mwishoni.

Hatua ya 4: Kilinganishe na h1, yaani kichwa kikuu kinachosomeka ndani ya ukurasa wenyewe. Hapa ndipo wengi huachwa wakishangaa: "Mbona Google imeonyesha kichwa ambacho sikukiandika?" Tangu Agosti 2021, Google imekuwa ikitumia zaidi maandishi ya ndani ya ukurasa, hasa h1, inapoona title haifai: ndefu mno, imerundikwa maneno yaleyale, au imepitwa na wakati. Title ikisema 2022 na h1 ikisema 2024, usitegemee ya kwako ibaki. Vikisema jambo moja, hata kwa maneno tofauti kidogo, uwezekano wa kubadilishiwa hupungua.

Hatua ya 5: Pima. Fungua Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, sehemu ya utendaji. Tafuta kurasa zilizo juu kwenye matokeo, zinazoonekana sana lakini hazibofywi. Badilisha kichwa peke yake, usiguse kingine, kisha zipe wiki kadhaa, maana Google lazima ipite tena kuzisoma. Ukurasa ulio nafasi ya 40 usihangaike na kubofywa kwake. Huo haujafika machoni pa watu, na dawa yake iko kwenye maudhui.