CA 15-3 kwa mgonjwa wa kansa ya titi: namna ya kuifuatilia

Dada zangu, na nyie mnaouguza mama zenu, hili somo ni la mtu ambaye ameshapatikana na kansa ya titi. CA 15-3 ni kipimo cha damu, kinapima protini ambayo kansa ya titi huweza kuimwaga kwa damu. Kama hujapatikana, usilipie hiki kipimo eti unajicheki, uvimbe unaweza kuwa titini na damu ikasoma sawa kabisa.

Hatua ya 1. Muulize daktari anakitaka cha nini. Kazi yake kubwa ni pale kansa imeshasambaa kwa mifupa, ini ama mapafu, mnataka kujua dawa inashika au haishiki, na hata hapo kinaenda pamoja na skani na kupimwa mwili. Ukiwa umemaliza matibabu na huna dalili, miongozo ya madaktari wa kansa Marekani haishauri kukipima kila saa.

Hatua ya 2. Pima kabla dawa mpya haijaanza, upate namba ya kuanzia. Damu inatolewa mkononi, njaa si lazima. Sema kama unameza biotini, zile tembe za nywele na kucha, maana zinavuruga mashine zingine.

Hatua ya 3. Labu moja tu! Hapa ndo watu wanapotea, leo amepima Arua, mwezi ujao yuko Kampala karibu na Mulago anapima kwingine, mashine tofauti, halafu analinganisha namba na usingizi unakata bure.

Hatua ya 4. Weka daftari: tarehe, labu, namba, dawa uliyokuwa nayo. Tuseme karatasi inasoma CA 15-3 ni 41 na pembeni wameandika mwisho 30. Iking'aa kwa wino mwekundu unashtuka, lakini 41 iliyotoka 96 ni habari nzuri sana, 41 iliyotoka 18 ndo ya kupeleka kwa daktari haraka. Na wiki 4 mpaka 6 za kwanza za dawa mpya namba inaweza kupanda huku dawa inafanya kazi, tafadhali usiache kemo kwa sababu hiyo.

MASWALI

Mama ametoka 28 akaenda 33, kansa imerudi?
Hapana, hiyo peke yake haisemi hivyo, namba huchezacheza. Daktari atarudia labu ileile aone kama inazidi kupanda.

Mimi nina hepataitisi B, inaingiliana?
Ndio dada, ini likiumwa CA 15-3 inaweza kupanda bila kansa kuongezeka, na CEA pia, kile kipimo kingine cha damu cha kufuatilia kansa. Mwambie daktari mapema, asikusomee namba bila kujua.

Yangu iko 19 lakini mgongo unaniuma usiku, nisubiri kipimo kijacho?
Usisubiri. Kuna kansa hazimwagi hiyo protini kwa damu, kwa hiyo namba nzuri haifuti maumivu. Nenda wiki hii uombe picha ya mgongo, na miguu ikilegea, ikifa ganzi ama mkojo ukigoma, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku.