Umeanguka mtihani wa uraia wa Marekani? Fuata hatua hizi

Grinikadi yako haijaguswa, na ombi lako la uraia (fomu N-400) bado liko hai.

1. Soma karatasi ya matokeo, N-652, uliyopewa na afisa. Imeandikwa ulichoanguka: kuzungumza, kusoma, kuandika, au maswali ya historia na serikali. Utarudia hicho tu, kati ya siku 60 na 90, bila kulipa tena.

2. Hakikisha unasoma maswali yako ya historia na serikali, si ya jirani. Fomu iliyotumwa kabla ya 20 Oktoba 2025 ina orodha ya maswali 100: unaulizwa 10, upate 6. Iliyotumwa kuanzia siku hiyo ina 128: unaulizwa 20, upate 12. Marudio hayabadilishi orodha.

3. Kazana na ulichoanguka. Kusoma ni sentensi moja sahihi kati ya tatu. Imla vivyo hivyo. Kosa dogo la herufi husamehewa maana ikibaki, lakini usifupishe maneno. USCIS (idara ya uhamiaji na uraia ya Marekani) wametoa orodha ya maneno yanayotumika: mtu akusomee, wewe uandike kwa mkono.

Kuzungumza kunahitaji kazi zaidi, maana afisa anakupima kwa maswali ya N-400 yenyewe. Ukiitikia "yes" kila kitu unajichongea: maswali mengi ya "Have you ever" yanauliza kama umewahi kuvunja sheria. Chukua nakala ya fomu yako, eleza kila swali kwa Kiingereza chepesi. Hujaelewa? Omba arudie au aulize kwa maneno mengine. Inaruhusiwa.

4. Usikose tarehe ya pili. Ukiwa na udhuru, waandikie mapema. Usipotokea kimya kimya, ombi hukataliwa.

Maswali ya wanachama

*Mama yangu hajui Kiingereza kabisa. Afanyeje?*
Kama alipotuma fomu alikuwa na umri wa miaka 55 na grinikadi kwa miaka 15, au 50 na 20, hapimwi Kiingereza. Anajibu maswali ya historia na serikali kwa Kiswahili, na mkalimani. Mwenye 65 na 20 anasoma maswali 20 tu, anaulizwa 10, apate 6.

*Gavana amebadilika tangu nianze kusoma. Nitaje yupi?*
Aliyeko madarakani siku ya mahojiano.

*Nimeanguka mara ya pili, ndugu zangu. Nimekwisha?*
Hapana. Ndani ya siku 30 tangu upokee barua ya kukataliwa, unaweza kuomba kusikilizwa upya kwa fomu N-336, na hapo utapimwa tena ulichoanguka. Au tuma N-400 mpya wakati wowote. Ada yake ni ndogo kuliko ya N-336. Ila kama ulituma ile ya kwanza kabla ya 20 Oktoba 2025, fomu mpya itakupeleka kwenye maswali 128. Kwa aliyebakiza kidogo tu kufaulu, N-336 ina faida.