Chumba kimoja hakipati joto: namna ya kusawazisha rejeta katika nyumba za Uingereza

Katika nyumba nyingi za Uingereza joto la majira ya baridi huletwa na maji: boila ya gesi huyapasha moto, pampu huyasukuma kwenye mabomba, nayo hupita katika rejeta, yaani mabamba ya chuma ya ukutani yanayotoa joto, kisha hurudi kwenye boila. Katika kazi yangu ya kufunga na kutengeneza mifumo hii, lalamiko ninalolisikia zaidi baridi inapoanza ni kwamba sebule ina joto tele ilhali chumba cha kulala cha nyuma hakikaliki. Wengi hukimbilia kupandisha themostati, jambo linaloongeza bili bila kukifaa chumba chenyewe, kwa sababu mara nyingi boila haina kosa. Maji hufuata njia iliyo nyepesi. Hupita kwa wingi katika rejeta zilizo karibu na pampu, na zile za mbali huambulia mabaki. Isitoshe, themostati iliyofungwa sebuleni huizima boila mara tu sebule inapotosheka, hata kama chumba cha mbali hakijaanza kupata joto.

Utahitaji ufunguo mdogo wa rejeta, spana ya kurekebisha, kitambaa, kalamu na karatasi, pamoja na themometa inayoweza kupima bomba. Kifuniko cha boila kisiguswe: kazi ya gesi kisheria ni ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, sajili ya mafundi wa gesi iliyochukua nafasi ya ile ya awali, CORGI, mwaka 2009.

Hatua ya 1: Gusa kabla ya kufungua chochote

Washa mfumo, subiri nusu saa, kisha pitisha mkono kwa uangalifu juu ya rejeta ya chumba chenye baridi. Ikiwa ni baridi juu na moto chini, ndani yake kuna hewa. Ikiwa sehemu ya chini katikati ndiyo baridi, limetuama tope jeusi litokanalo na kutu ya rejeta zenyewe, na dawa yake ni kusafishwa kwa mfumo, kazi ambayo ni afadhali kumwachia fundi. Ikiwa rejeta nzima ni baridi, shuku valvu. Ikiwa yote ni moto lakini chumba bado ni baridi, nenda moja kwa moja hatua ya 5.

Hatua ya 2: Kagua valvu

Fungua kichwa chenye namba kilicho juu ya valvu ya rejeta. Chini yake pana kipini cha chuma ambacho ukikibonyeza kinapaswa kuzama na kurudi juu chenyewe. Baada ya valvu kukaa imefungwa kiangazi kizima, kipini huganda chini na kuzuia maji. Gonga ubavu wa valvu polepole kwa mpini wa bisibisi, kisha kibonyeze tena na tena hadi kilegee. Usikivute kwa koleo, kwani kikichomoka, maji yatakufuata sakafuni.

Hatua ya 3: Toa hewa

Zima mfumo na uache upoe. Ukianzia ghorofa ya chini, ingiza ufunguo katika skrubu ndogo iliyo juu pembeni mwa rejeta na uuzungushe robo mzunguko kinyume cha mwendo wa saa huku umekinga kitambaa; hewa itafoka, na maji yakianza kutoka, funga. Kisha tazama geji ya boila inayopima shinikizo la maji, ambayo mfumo ukiwa umepoa husoma kati ya baa 1 na 1.5 katika mifumo mingi isiyo na tangi darini. Hewa ikirudi kila baada ya siku chache, kuna kasoro nyingine, pengine uvujaji, na kuitoa tena na tena hakutaiondoa.

Hatua ya 4: Sawazisha mtiririko

Hapa ndipo tatizo la chumba cha mbali huisha mara nyingi, na ndipo haraka huharibu kazi. Upande wa pili wa kila rejeta kuna valvu iliyofichwa chini ya kofia ya plastiki. Ifunge ukihesabu mizunguko na uandike idadi hiyo, ili uweze kurudi ulikoanzia. Baada ya hapo fungua kikamilifu valvu zote za nyumba, za pande zote mbili.

Mfumo ukiwa umepoa, washa boila na uandike rejeta kwa mpangilio wa kupata moto. Anza na iliyotangulia: funga valvu yake ya kofia, kisha ifungue robo mzunguko tu. Pima bomba linaloingiza maji na linaloyatoa. Tofauti ya nyuzi 12 hivi za Selsiasi ni lengo zuri kwa mifumo mingi. Tofauti ikiwa ndogo, maji yanapita kwa wingi mno, kwa hiyo kaza kidogo. Ikiwa kubwa, legeza. Subiri dakika kadhaa baada ya kila badiliko. Endelea hivyo kwa kufuata orodha, ukilegeza zaidi kadiri unavyokwenda mbali; ya mwisho kwa kawaida hubaki wazi kabisa.

Hatua ya 5: Rejeta ni moto, chumba ni baridi

Ondoa kwanza sofa na mapazia marefu yanayoifunika rejeta. Siku ya upepo washa kijiti cha udi, ukipitishe polepole, mbali na mapazia, kandokando ya madirisha, mlango na ubao wa chini ya ukuta. Moshi ukiyumba, hapo pana upenyo wa kuzibwa. Matundu ya hewa yaliyo nje chini ya sakafu ya mbao yasizibwe, kwani ndiyo yanayoikinga mbao isioze.

Nyumba za zamani zenye kuta za matofali zisizo na nafasi katikati hupoteza joto jingi, hasa chumba chenye kuta mbili za nje. Huko rejeta ya bamba moja inaweza kuwa ndogo mno, na kuweka ya mabamba mawili hufaa kuliko kupandisha themostati. Mpangaji asinunue rejeta kabla ya kumwandikia mwenye nyumba: kwa England, kifungu cha 11 cha sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985 humtaka atengeneze vifaa vya kupasha joto vilivyoharibika. Ambatisha vipimo ulivyoandika katika hatua ya 4.