Jinsi ya kufuatilia historia ya machimbo ya chokaa ya mji wenu

Watu wengi wakitaka historia ya machimbo wanakimbilia maktaba kwanza, mi naona ni kosa, anza na shimo lenyewe. Ila usishuke! Kuta za machimbo yaliyoachwa zinaporomoka bila taarifa, na yale maji mazuri ya kijani ni marefu na baridi yake si mchezo.

Simama juu pahali salama uangalie kuta. Ukiona vitundu vifupi vifupi vimepangwa mstari, hapo walipasua kwa kabari na nyundo, yaani walitaka mawe mazima ya kujengea. Ukiona michirizi mirefu imenyooka kushuka ukutani, hayo ni mabaki ya matundu ya baruti, hapo mara nyingi walitaka kokoto au jiwe la kuchoma liwe chokaa, umbo halikuwa na kazi. Kawaida ngazi za juu za ukuta, yaani zile hatua walizoacha wakichimba kushuka, ndo za zamani. Na maji yakiwa mengi huenda walichimba kupita usawa wa maji ya ardhini wakawa wanayavuta na pampu, siku pampu zimezimwa shimo likaanza kujaa.

Alafu tafuta tanuri la kuchomea jiwe, mengi yamejengwa ubavuni mwa kilima ili jiwe na makaa viingizwe kwa juu, chokaa itolewe chini. Kuchoma kunataka joto la nyuzi 900 hivi, na kilo 100 za jiwe safi zinabaki kama kilo 56 tu, zingine zinapotea hewani kama kaboni dayoksaidi, ndo maana walichoma hapohapo, nani abebe uzito wa bure? Saruji ya Portland, simenti ya kawaida ya kujengea, ilipata hataza (haki ya mvumbuzi) Uingereza mwaka 1824, na ilivyoenea ikachukua nafasi ya chokaa matanuri mengi madogo yakafa, kwa hiyo ulizia ilifika lini kwenu.

Wazee usiwaulize mwaka, watakutajia wowote tu. Uliza baruti ikikaribia kulipuka watu walijuaje, mshahara ulitoka siku gani, nani aliumia, ilikuwa kabla au baada ya daraja kujengwa.

Karatasi ndo za mwisho: ramani za matoleo tofauti, hati za ardhi, leseni, vitabu vya mishahara. Picha za setelaiti za Landsat zipo tangu 1972 na ni bure, japo za mwanzo hazionyeshi shimo dogo vizuri. Na ukikuta pameandikwa walifunga kwa sababu jiwe liliisha, rudi kwanza ukaangalie ukuta, saa zingine jiwe bado lipo tele, walioisha ni wateja.