Jinsi ya Kuonyesha Kumbukumbu ya Michezo Iliyobadilishwa: Mpira wa 756 wa Barry Bonds

Tarehe 7 Agosti 2007, jijini San Francisco, Barry Bonds aliupiga mpira wa besiboli hadi kwa watazamaji, akafikisha mapigo 756 ya namna hiyo katika maisha yake yote ya uchezaji na kuipita rekodi ya Hank Aaron ya 755. Mpira huo uliishia katika makumbusho ya besiboli ya Cooperstown, jimbo la New York, ukiwa na kinyota (alama ya *, ambayo mashabiki huitumia kuonyesha kwamba rekodi ina shaka) kilichokatwa kwenye ngozi yake. Kinyota hicho hakikuwekwa na mwamuzi wala na viongozi wa ligi. Kiliwekwa kwa amri ya aliyeununua, kwa sababu Bonds alikuwa akishukiwa kutumia dawa za kusisimua misuli. Naamini makumbusho yana haki ya kuonyesha kitu kama hiki, ila yasimwache mgeni akiondoka na dhana kwamba alama ile ni hukumu.

Kazi ianzie kwenye rejesta. Andika historia mbili, kila moja kwa tarehe zake. Ya kwanza ni ya mchezo: mpigaji, mrushaji (siku ile alikuwa Mike Bacsik wa Washington Nationals), uwanja, na ushahidi kwamba mpira ni wenyewe. Ya pili ni ya mabadiliko: mnamo Septemba 2007 mbunifu wa mavazi Marc Ecko aliununua mnadani kwa dola 752,467, kisha akawaita watu wapige kura mtandaoni waamue kama utolewe kwa makumbusho ukiwa mzima, utiwe kinyota, au urushwe angani. Zilipigwa kura zaidi ya milioni 10, na asilimia 47 zikachagua kinyota. Kura hizo ni ushahidi wa hasira ya mashabiki wa wakati ule, na kwa sababu hiyo zina thamani ya kihistoria. Lakini hazithibitishi lolote kuhusu kilichokuwa mwilini mwa mchezaji.

Kabla ya kupokea, mwambie mtoaji wazi kwamba hamchukui kitu chenye masharti. Cooperstown ilivutana na Ecko juu ya suala la kuazima au kutoa moja kwa moja, na mpira ulikabidhiwa mwaka 2008 baada ya yeye kukubali kuutoa bila masharti. Huo ndio msimamo unaofaa, maana anayeazimisha anaweza kudai kitu chake siku lebo isipompendeza. Iandikwe pia katika sera yenu kwamba hamtaomba, hamtalipia wala hamtashauri kitu chochote kiharibiwe ili kije kwenu. Mkilegea hapa, kila tajiri mwenye kinyongo atajua pa kupeleka kisu chake.

Kuhusu utunzaji, mpira wa ligi kuu ni ngozi nyeupe ya ng'ombe iliyoshonwa kwa mishono pacha 108 ya uzi mwekundu, na chini yake kuna nyuzi za sufu zilizozungushwa kwenye kiini cha koki na raba. Ngozi iliyokatwa hupitisha unyevu na vumbi pale ilipokatwa, na kingo za mkato huweza kujikunja. Upige picha pande zote kabla ya kuuweka kwenye kabati la kioo, punguza mwanga, dhibiti unyevu, wala usijaribu kuziba mkato huo. Uweke namna ambayo mgeni ataona mishono na kinyota kwa pamoja, kwa kuwa kinyota kikitazamana naye peke yake, ninyi wenyewe mtakuwa mmekwisha kutoa hukumu.

Lebo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Isiseme "rekodi ya uongo", kwa sababu ligi inaendelea kumhesabia Bonds mapigo 762. Wala isikae kimya kuhusu tuhuma, kwa sababu bila hizo mkato ule hauna maana. Mahakamani mambo yalikwenda hivi: mwaka 2011 Bonds alipatikana na hatia ya kuzuia haki kutokana na ushahidi wake katika uchunguzi wa BALCO, maabara iliyowapa wanamichezo dawa za kusisimua misuli, na mwaka 2015 hukumu hiyo ikatenguliwa. Yeye mwenyewe alikana kutumia dawa hizo kwa kujua. Mgeni asiyeufuata mchezo huu aelezwe pia kwamba wazo la kuitia rekodi kinyota lilikuwa na historia kabla ya Bonds. Mwaka 1961 Roger Maris alipiga mapigo 61 katika msimu wa mechi 162, akaivuka rekodi ya Babe Ruth ya 60 iliyowekwa katika msimu wa mechi 154, na rekodi hizo mbili zikaorodheshwa kando kando hadi mwaka 1991.

Mimi ningeandika hivi: "Mpira uliopigwa na Barry Bonds tarehe 7 Agosti 2007, pigo lake la 756. Kinyota kilikatwa baadaye kwa amri ya mnunuzi, baada ya kura ya umma. Ligi haijaifuta rekodi hii." Maelezo ya tuhuma na ya mahakama yafuate chini, kwa herufi za ukubwa uleule.

Mchezaji mwenyewe aandikiwe barua mapema na apewe nafasi ya maneno yake kando ya kabati. Bonds alikasirika, akasema hatahudhuria sherehe yoyote ya Cooperstown iwapo mpira utaonyeshwa ukiwa na alama ile. Hasira yake ni sehemu ya historia ya kitu hiki na inastahili kuandikwa, lakini haimpi uwezo wa kufunga maonyesho, kama vile fedha za mnunuzi zisivyompa uwezo wa kuandika lebo.

Mwisho, weka tarehe ya kuipitia lebo upya kila hali ya jambo inapobadilika, kama ilivyokuwa mwaka 2015 mahakamani, na tena mwaka 2022 Bonds alipokosa kura za kutosha za waandishi wa besiboli za kumwingiza katika orodha ya wachezaji mashuhuri ya Cooperstown, katika jaribio lake la kumi na la mwisho mbele yao. Lebo iliyoondolewa isitupwe; itiwe kwenye faili la mpira, pamoja na tarehe ya kuondolewa na jina la aliyeidhinisha.