Barua ya Ijumaa: ninavyowaandikia wazazi habari za wiki

Kila Ijumaa, kengele ya kuondoka ikigongwa, watoto 46 wa darasa langu la awali hutoka na kipande cha karatasi kimebanwa ndani ya daftari la mawasiliano. Ni nusu ya karatasi ya A4, upande mmoja tu, nayo inabeba mambo ya wiki inayokuja na kidogo cha wiki inayokwisha. Nimeiandika barua hiyo hapa Moshi kwa miaka tisa, katika shule mbili. Muhula huu walimu wawili wapya wameniomba niwaelekeze, nikaona bora niandike yote mahali pamoja, ili na mwalimu mwingine wa watoto wadogo asiyenifahamu aweze kuyatumia.

Jambo la kwanza ni kujua nani anaisoma. Juu tunaandika "Mzazi/Mlezi", lakini jiulize: Jumatatu saa 12 asubuhi, anayemvalisha mtoto sare ni nani? Kila Januari nawauliza watoto wangu wenyewe, na kila mwaka zaidi ya nusu hunijibu bibi, shangazi au dada. Mama ameshatoka alfajiri kwenda Kiborloni kuwahi kufungua belo la mitumba, au ni muuguzi yuko zamu ya usiku na bado hajarudi. Baba yuko barabarani na lori. Kwa hiyo mimi siwaandikii wale wanaokuja kikaoni na kukaa mstari wa mbele. Naandikia mikono inayofunga vifungo vya shati Jumatatu asubuhi. Ukishamweka mtu huyo mbele ya macho, mengi yanajipanga yenyewe.

Kwanza, mpangilio. Zamani nilikuwa naanza na shukrani kwa Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwisho wa wiki, kisha salamu za Mwalimu Mkuu, kisha tulichojifunza, na chini kabisa ndipo linakuja neno kwamba Jumatano mtoto aje na traksuti. Anayefunga vifungo hafiki huko chini. Sasa salamu ni mstari mmoja. Siiachi, maana barua isiyo na salamu kwetu ni kama mtu anayeingia nyumbani kwako bila hodi. Lakini ikishapita salamu, zinafuata siku tano za wiki ijayo, kila moja na mstari wake: mtoto avae nini, abebe nini, aje saa ngapi. Siku isiyo na jambo naiandikia "siku ya kawaida". Ukiiruka, kuna atakayedhani umesahau kitu, na Jumapili usiku simu yako haitapumzika.

Kuhusu saa, naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hili lilimuumiza mtoto. Nikiwa bado mgeni kazini, tulipanga kuwapeleka watoto Arusha kuona Makumbusho ya Historia Asilia, pale kwenye Boma la zamani la Wajerumani. Niliandika kwenye kompyuta: "Basi litaondoka 8:00." Kichwani mwangu ilikuwa saa 2 asubuhi. Bibi mmoja akasoma kilichoandikwa: saa 8. Akamleta mjukuu wake saa 7 na nusu mchana, uso unang'aa mafuta, soksi nyeupe zimevutwa hadi magotini, mkononi kifuko cha karanga na chungwa lililokwisha menywa. Mimi nilibaki shuleni siku ile na darasa jingine. Wenzake walikuwa Arusha, kilomita zipatazo 80 kutoka hapo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Tumewahi, eeh?"

Mtoto hakulia. Alikaa kwenye benchi la nje akala chungwa lake taratibu, akauliza kama basi likirudi litampitia. Tangu siku hiyo sijaandika saa bila neno lake pembeni: saa 2 asubuhi, saa 6 mchana, saa 10 jioni. Na siku ya safari naandika saa tatu tofauti: mtoto afike shuleni saa ngapi, basi liondoke saa ngapi, mzazi amfuate saa ngapi. Usimwachie mtu kazi ya kukisia hata moja kati ya hizo.

Tarehe nayo ni hivyo hivyo. "Jumatano ijayo" ikisomwa Ijumaa ni siku moja, ikisomwa Jumatatu na mtu aliyeikuta karatasi chini ya begi inakuwa nyingine. Andika "Jumatano tarehe 15".

Nyenzo za barua hazipatikani Ijumaa asubuhi. Zinakusanywa. Nina kidaftari kinachoingia mfuko wa eproni, na Jumatano baada ya uji wa saa 4 nazunguka. Nampitia mwalimu wa zamu, nampitia mama wa jikoni, nampitia dereva wa basi. Mama wa jikoni ndiye anayejua kwamba gesi inakaribia kuisha na Jumatatu itabidi wale makande badala ya wali. Dereva ndiye anayejua kwamba barabara ya kwenda Pasua imechimbwa na basi litazungukia kwingine, hivyo watoto wa huko watangulie kituoni dakika kumi. Ofisini hutayasikia hayo, na ndiyo mzazi anayoyahitaji.

Mwanzo wa mwaka naweka kalenda ukutani na kuzungushia kwa kalamu nyekundu siku ambazo hatuna masomo: 12 Januari, 7 Aprili, 26 Aprili, 1 Mei, 7 Julai, 8 Agosti, 14 Oktoba, 9 Desemba, pamoja na sikukuu za dini. Idi naitaja mapema lakini simfungi mtu kwa tarehe moja. Naandika "kutegemea kuandama kwa mwezi, tutathibitisha jioni ile kwenye grupu". Shuleni kwetu, siku za mtihani wa Darasa la Saba mwezi Septemba na za upimaji wa Darasa la Nne, kwa kawaida Oktoba, watoto wa awali hubaki nyumbani ili kuwe na utulivu. Mzazi anayefanya kazi anahitaji kulijua hilo wiki mbili kabla, apate wa kukaa na mtoto. Kumwambia jana yake ni kumtesa.

Hali ya hewa pia ina mahali pake. Masika yakianza Machi, naomba soksi za akiba ndani ya begi, maana njia zetu zinageuka tope. Julai, wingu likilala juu ya Kibo siku nzima, naomba fulana ya ndani na sweta. Na tarehe ya mahafali ya Desemba naitangaza Oktoba, kwa sababu Desemba ikiingia familia zinaanza kupanda Rombo, Kibosho na Machame kwa Krismasi, na mtoto aliyefanya mazoezi ya ngonjera miezi miwili asije kukosa siku yake kwa kuwa nauli ilishakatwa.

Fedha. Andika kiasi, andika ni cha nini, andika mwisho lini, kisha andika kwamba mwenye shida aje kwako kimya kimya. Usiandike kamwe "wafuatao hawajalipa", si kwenye karatasi wala kwenye grupu. Mtoto wa miaka mitano anajua kabisa jina lake likisomwa kwa sauti ile. Pia gawanya mchango waziwazi. Mzazi akiona shilingi 3,000 bila maelezo ananung'unika. Akiona 2,000 ni basi na 1,000 ni matunda, hata akiwa hana, anajua anazungumzia nini.

Hii hapa barua ya mwaka jana, ya wiki ya pili ya Oktoba, uione yote ilivyokaa:

Ijumaa tarehe 10 Oktoba
Wazazi na walezi wetu, habari za nyumbani. Huku watoto ni wazima.

Jumatatu tarehe 13: siku ya kawaida, sare.
Jumanne tarehe 14: HAKUNA SHULE. Ni kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki tarehe kama hii mwaka 1999.
Jumatano tarehe 15: tunakwenda Msitu wa Rau. Traksuti ya shule, viatu vinavyofunika vidole, kofia ya jua, chupa ya maji. Mtoto afike shuleni saa 1:30 asubuhi. Tunaondoka saa 2:00 asubuhi. Tunarudi saa 6:00 mchana na watakula chakula shuleni kama kawaida. Mzazi amfuate saa ile ile ya siku zote, saa 8:00 mchana.
Alhamisi tarehe 16: sare. Aje na kopo moja tupu la plastiki, limeoshwa.
Ijumaa tarehe 17: michezo, traksuti.

Mchango wa safari ni shilingi 3,000: basi 2,000, matunda 1,000. Mwisho Jumatatu. Mwenye shida aniambie mimi, mtoto atakwenda.

Wiki hii maharage tuliyoyaweka kwenye pamba yameota. Muulize mtoto: kilianza kutoka mkia au jani?

Mstari huo wa mwisho ndio ninaoupenda kuliko yote, na ndio unaonichukulia muda. Mzazi akimuuliza mtoto "leo umejifunza nini?" atajibiwa "hakuna". Kila nyumba ni hivyo. Lakini mpe mzazi swali lenye kitu ndani yake uone. Wiki ile tulipanga glasi sita dirishani, kila moja na pamba mbichi na maharage matatu. Siku ya tatu ganda lilipasuka, kikatoka kimzizi cheupe kilichopinda. Watoto wakakiita mkia, na mimi sikuwasahihisha hadi wiki iliyofuata. Mtoto mmoja mpole, ambaye hadi wakati ule alikuwa akisema maneno matatu kwa siku, aliweka sikio kwenye glasi akafumba macho. Nikamuuliza anasikiliza nini. Akasema, "Inavuta maji." Jumatatu bibi yake alisimama getini akaniambia kwamba Jumamosi nzima mjukuu alikuwa akimweleza habari za maharage yenye mkia, na kwamba sasa wana glasi yao juu ya kabati. Uliza kitu kimoja tu, kidogo, kilichoonekana kwa macho. "Tumejifunza sayansi" haliamshi mazungumzo mezani.

Jina la mtoto siliweki kwenye barua, hata kwa sifa. Mwenzake atauliza mbona si yeye. Na picha za watoto hazipandi kwenye grupu mpaka wazazi wote wa waliomo wamekubali kwa maandishi mwanzo wa mwaka. Mzazi mmoja akikataa, mtoto wake haonekani, basi, wala haulizwi sababu.

Sasa kuifikisha. Karatasi iliyoachwa ndani ya begi hulowa na chupa ya maji au hukutwa Jumatatu imefungia ganda la ndizi. Mimi naibana kwa stepla kwenye ukurasa wa wiki ile wa daftari, na mlezi anasaini chini yake. Karatasi moja hukatwa ikatoa barua mbili, kwa hiyo watoto 46 ni karatasi 23, na shule inaweza kuzimudu. Jioni hiyo hiyo naweka sauti kwenye grupu nikiisoma barua neno kwa neno, isizidi dakika moja na nusu. Hii ni kwa ajili ya mabibi ambao macho yamechoka, na kwa ambao hawakupata shule. Usiongeze kitu kwenye sauti ambacho hakimo kwenye karatasi. Zikitofautiana, watu wataamini ile iliyo rahisi kwao.

Njia ya tatu ni watoto wenyewe. Dakika tano za mwisho za Ijumaa tunasimama duara, tunapiga makofi na kuimba jambo moja kubwa la wiki ijayo. Wiki ile ilikuwa: "Jumatano, Rau! Kofia, maji, viatu!" Mara kumi, haraka, kisha polepole, kisha kwa kunong'ona. Wanatoka getini wakiiimba bado. Karatasi ikipotea, wimbo unafika. Na walifika wote 46, wakauona mvule ule mkubwa, na mbega wakiruka juu huku mikia yao myeupe ikining'inia. Mada ya mikia iliendelea wiki nyingine nzima.

Jambo la mwisho kabla ya kwenda kutoa kopi: mpe mtu mwingine aisome kwa sauti, na asiwe mwalimu. Mimi humpa mlinzi wetu wa getini. Wazazi wakiwa na swali, yeye ndiye wanayekutana naye kwanza, hivyo maswali yote anayajua. Anapokwama kusoma, naandika upya. Anaponiuliza kitu, nakiongeza. Barua ile ya Rau nilimpa Alhamisi jioni. Akaisoma yote amesimama, kidole kikifuata mstari, kisha akarudi kwenye Jumatano.

"Mwalimu, kofia gani? Ya jua au ya baridi?"

Nikaongeza "ya jua", nikaenda steshenari.