Ukitaka kuwa fundi wa magari ya rali, ukiwa Tanga

Vijana wanaokuja gereji kwangu Ngamiani huanza na injini: turbo hii ina nguvu kiasi gani, kati ya Subaru na Mitsubishi Evo ipi kali. Mimi nawapa tochi waingie chini ya gari. Barabara za mashamba ya mkonge zinaanza kuua vya chini: bushi na boli jointi zinazoshika gurudumu, na shokapu. Anayelitikisa gurudumu akataja kilicholegea, huyo tutaelewana.

Shule usiiache. VETA ipo hapa hapa Tanga. Mwenye sayansi aangalie Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar. Ukiniuliza mimi, soma umeme wa magari. Wanaofungua gia boksi wamejaa, wanaofuata waya mpaka kwenye sensa iliyokufa ni wa kutafuta. Na Kiingereza cha kusoma kitabu cha gari hukikwepi, mwanangu.

Halafu jifunze kupima magurudumu kwa kamba, maana porini hakuna mashine ya alaimenti, ile ya kunyoosha magurudumu. Egesha gari mahali tambarare, stelingi ikae katikati. Simamisha stendi mbele na nyuma, vuta kamba moja kila ubavu, usawa wa katikati ya magurudumu. Nafasi kutoka kamba hadi habu, katikati ya gurudumu, kushoto na kulia zilingane mbele, vilevile nyuma. Na kamba zenyewe ziachane sawa mwanzo hadi mwisho. Sasa pima kutoka kamba hadi ukingo wa rimu, upande wa mbele na wa nyuma wa gurudumu lilelile. Ukingo wa mbele ukiwa mbali zaidi na kamba, gurudumu limeingia ndani kwa mbele. Rekebisha tai rodi, chuma kinachosukuma gurudumu ukikata stelingi, kaza nati, sukuma gari mbele na nyuma, pima tena. Rudia hadi uweze kufanya huku mtu anakupigia kelele, kwa sababu watapiga.

Kwenye mashindano ya dunia ya rali, sevisi ya jioni, muda wa mafundi kulishika gari, ni dakika 45. Gari likichelewa kutoka, kila dakika ni adhabu ya sekunde 10. Likishatoka sevisi, wanaoruhusiwa kulitengeneza ni dereva na msoma ramani tu, kwa vifaa vilivyomo ndani. Kwa hiyo wafundishe wao pia kubadilisha tai rodi.

Kuingia ni kwa kujitolea. Omba timu yoyote ikupe kazi ya matairi au kuosha gari. Ukipewa kuosha, osha kweli: ufa wa chuma hujificha kwenye tope. Malipo ya mwanzo mara nyingi ni nauli na chakula. Hata hayo kubalianeni kabla hamjaondoka.

Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally 1965, 1974 na 1976, naye alishika spana kwanza. Rali hiyo ilirudi mashindano ya dunia mwaka 2021, kule Naivasha, Kenya, na sisi mpaka wa Horohoro ni jirani. Ukipata nauli nenda, ila vumbi waachie wengine. Kaa sevisi paki, pale timu zinapotengenezea magari, na daftari, uandike gari likiingia nani anagusa nini, na nani anasimama tu ameshika saa.